Maganda ya Mama

Mama yangu hawezi kuona kitu kibichi kimekaa chini asikianike. Viazi vibichi, juani. Vya kuchemsha, juani. Kwetu Zagayu michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ndiyo iliyotuvusha miaka ya njaa, kwa hiyo simlaumu. Lakini maganda! Nani amewahi kuanika maganda ya ndizi?

Mimi ni mama lishe hapa Bariadi. Kila siku jikoni kwangu hutoka ndoo mbili za maganda ya viazi na ndizi, na majani ya kabichi yasiyofaa. Bwana shamba alinifundisha kuyageuza mboji kwa ajili ya bustani, nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikajivuna nalo kana kwamba nimejenga ghorofa. Ndipo mama akaja kukaa kwangu kiangazi, na ng'ombe wake mwenye mimba, wa mwisho katika zizi la marehemu baba.

Asubuhi namwaga maganda shimoni. Jioni nayakuta yametandazwa juu ya jiwe, yamekauka kau! Nikayarudisha. Akayatoa. Nikamwambia mboji inataka unyevu. Akanijibu, "Mayu, chakula hakizikwi," akiniita mama kwa lugha ya kwetu, kama alivyotuita sisi binti zake tangu utoto. Nilichoka jamani. Mtu mzima unagombana na mama yako juu ya takataka, majirani wanasikiliza!

Alikwisha kujaza magunia manne, akiba ya ng'ombe wake, bwana shamba aliposema analeta wakulima waone shimo langu. Shimo lenyewe lilikuwa nusu tupu. Jumapili mama alipokwenda kanisani, nikayamwaga magunia yote, nikamwagia maji, nikakanyaga kwa miguu yangu mwenyewe. Wageni walipiga picha. Mama aliyatazama magunia matupu, akasema tu, "Nyumba ni yako." Nikadhani hatimaye nimeeleweka.

Mvua zikachelewa. Majani yakaisha hata kando ya mto, pumba nazo zikawa za kutafuta kwa tochi. Ng'ombe akatoka mbavu, na asubuhi moja akashindwa kusimama. Hasira zikanipanda. Nikamuuliza mama kwa nini alileta ng'ombe mjini na hana cha kumlisha. Nilimuuliza mimi, kwa mdomo huuhuu.

Baadaye nikamkuta shimoni amepiga magoti, mikono imezama hadi viwikoni katika mboji yangu, anachambua. Kipande ambacho bado kilikuwa ganda alikipangusa kwa kitenge chake, akakiweka pembeni. Vilivyopatikana havikujaa viganja viwili, na vyote vilikuwa vimeshaota ukungu.

Nilitaka kumwambia aache, kwamba ng'ombe hali mboji. Yeye hata hakuinua kichwa.

"Nisogezee beseni, mayu," akasema.