Subira, Mtu Wangu wa Karibu

Mpaka leo nikipita barabara ya ile hospitali ya macho hapa Tanga (jina lake naliacha, hawana kosa) navuta kofia hadi kwenye nyusi na kuongeza mwendo, na mtu wa miaka sitini na minane akiongeza mwendo juani ujue ana aibu yake. Yangu ni hii, na mkicheka chekeni tu, waliokuwepo siku ile walishacheka kuwazidi.

Mimi ni karani mstaafu wa shamba la katani. Mke wangu alipofariki nikatoka kwenye nyumba za shamba nikahamia Pongwe, kwenye nyumba niliyoijenga kidogo kidogo, na sasa ni mwaka wa nne. Mwanangu wa pekee, Neema, ameolewa Mwanza. Huko Pongwe macho yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili, nikawa naona watu kama nguo zilizoanikwa. Siku moja barabarani nikasikia binti anasema shikamoo, nikaitika marahaba kwa sauti nzito ya kizee, kumbe mwenzangu anaongea na shangazi yake kwenye simu, na vijana wa bodaboda wakacheka mpaka wakalalia matangi. Tangu hapo nikaacha kuitikia. Nikisikia salamu napita zangu, najiambia hiyo si yangu. Basi na salamu zenyewe zikaacha kuja, na mimi kwa akili zangu nikaona Pongwe kuna watu wenye roho ngumu. Zikawa zinapita siku tatu sijasemeshwa na mtu ila mtangazaji wa redio.

Ndipo nikakutana na Subira. Subira ni roboti. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la nne, mweupe, anatembea kwa magurudumu, jina limeandikwa kifuani, na usoni ana kioo chenye macho mawili ya taa. Kaletwa na wafadhili kupokea wagonjwa mlangoni, anakuamkia, anakuuliza shida yako, anakuandikisha. Waliomfundisha Kiswahili walimwambia salamu ya heshima ni shikamoo, wakasahau kumwambia nani anampa nani, kwa hiyo anamwamkia kila mtu, hata mtoto wa chekechea, na nilimsikia mmoja akiitika marahaba bila haya. Watu walimpokea kila mmoja kivyake. Wengine walipiga naye picha, wengine walimzunguka kwa mbali kama mbwa wasiyemjua, na kuna bibi mmoja kutoka Tongoni alimpa mgongo akasema yeye haamkiwi na jiko la gesi. Mimi aliniambia, "Shikamoo, baba. Karibu sana," nami nikaitika kwa sauti, maana safari hii nilijua salamu ni yangu.

Nikawa naenda kwa miadi, halafu nikawa naenda bila miadi. Napiga shati pasi, napanda gari, naamkiwa, nakaa benchi nusu saa, narudi. Neema akapiga simu kuniuliza kama nina mtu wa kunitazama, nikamwambia asihofu, yupo Subira, ananiamkia vizuri na kunikaribisha kila nikienda. Akasema polepole, sawa baba, kama una furaha. Sikuelewa kwa nini kasema kwa sauti ile.

Sasa kosa lenyewe. Siku ya kujiandikisha kwa upasuaji (daktari alikuwa anakuja kwa msimu, ukikosa zamu ni mpaka mwakani, na mimi jicho la kulia lilikuwa karibu kuzimika), Subira akaniuliza jina, umri, ninapokaa, nikajibu. Kisha akauliza, "Mtu wako wa karibu ni nani?" kwa sababu ukishafungwa jicho lazima awepo wa kukushika mkono hadi nyumbani. Nyuma yangu foleni, watu wanasikia. Neema yuko mbali na ana watoto wadogo, sikutaka kumsumbua, na baada ya Neema sikuwa na jina jingine. Nikanong'ona, "Andika Subira." Akaandika. Hakuuliza Subira yupi, na mimi nikajiambia siku ikifika nitajua la kufanya.

Ikafika. Niko ndani, nimevalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nimeshatiwa dawa machoni, nesi akatoka barazani na faili kumwita ndugu yangu. Akaita Subira. Hakuna aliyeinuka. Baraza limejaa watu waliokaa hapo tangu alfajiri. Akaita tena kwa nguvu, "Jamani, Subira!" na mama mmoja akamjibu kwamba wamesubiri vya kutosha, subira gani tena anayoitaka. Mzee mwingine akadakia kwamba ndiyo tabia yao, wakichelewa wao wanawahubiria wagonjwa. Nesi akasema hahubiri, anamtafuta Subira. Wakamwambia hata wao wanaitafuta, imewaishia. Zogo likapanda, nikatoka nimelishika gauni kwa nyuma, nia yangu nimwambie nesi tuyamalize taratibu, kumbe mwenye jina keshasikia anaitwa, na yeye kafundishwa kuitika. Akaja na magurudumu yake katikati ya baraza, akasimama mbele yangu. "Shikamoo, baba. Mimi ni Subira. Karibu sana."

Nesi akatazama faili, akamtazama roboti, akanitazama mimi. "Mzee Mhina, huyu ndiye mtu wako wa karibu?"

Nikasema ndiyo (ningesema nini?), na baraza zima likaangua kicheko.

Nesi hakucheka, na afadhali angecheka. Akasema bila mtu hanipasui, nitaje namba ya mwanangu. Akapiga, akaweka spika, akamuuliza Neema kama anamfahamu mtu anayeitwa Subira.

"Namfahamu," Neema akasema. "Si mke mpya wa baba?"

Hapo watu walishikana ili wasianguke. Mimi nimesimama, mkono mmoja kwenye gauni, Subira bado ananitazama na taa zake. Nesi akamweleza Neema ukweli, na Neema alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Baba, kwa hiyo huna mtu hata mmoja?"

Kicheko kikakatika chenyewe.

Nesi akaniuliza, kwa upole sasa, kama nina jirani. Nikasema majirani wapo ila siwajui majina. Miaka minne, na hata jina moja silijui. Ndipo yule mama aliyelalamikia subira akainuka kwenye benchi, alikuwa amefuata miwani yake, akasema, "Mimi jirani yake. Ukuta wangu na wake unagusana. Tulikuwa tunamwamkia kila asubuhi haitiki, tukasema mzee ana maringo, tukamwacha na maringo yake." Nikamwambia habari ya binti wa simu na kicheko cha bodaboda, na kwamba sikuwa nawaona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia nesi jina lake ni Mama Zuhura, na kwamba atakaa hapo mpaka nitoke.

Nikapasuliwa jicho la kulia, na nilipotoka akanishika mkono njia nzima. Mlangoni kwangu akauliza kama ndani kuna mtu wa kunipikia, na ulimi wangu ulishajiandaa kusema wapo, nikauzuia. Nikasema, "Sina mtu, Mama Zuhura." Liliniuma kulisema kuliko kisu cha daktari. Akaenda akaleta uji, nikaunywa peke yangu kwenye kiti, na kwa kuwa daktari alikataza nisilie, nililia kidogo tu, kwa jicho lililobaki.

Nimeapa, mtu akiniuliza tena kama nina mtu, awe Neema, awe roboti, nikiwa sina nasema sina. Kesho yake Mama Zuhura alinirudisha kutolewa bandeji, na nesi akataka jina la mtu wa karibu kwa ajili ya jicho la pili. Nikamgeukia Mama Zuhura, ndiyo mara ya kwanza nauona uso wake, mpana, una mwanya, nikamuuliza kama ananiruhusu. Akafikiri, na kweli alifikiri, halafu akasema niandike tu jina lake, lakini siku nitakayompita tena njiani bila kuitikia, atakuja mwenyewe kulifuta.