Maji ya Kumpokelea Mgeni

Pembeni ya Kinampanda, ukiambiwa nenda kwa Mama Kisima, huna haja ya kuuliza ni nani. Ni Dina, mjane mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe wa vijiji viwili, aliyechaguliwa na kamati ya maji kutunza kisima cha kitongoji. Ukikanyaga sakafu ya kisima na viatu, utajuta. Ukitumbukiza ndoo yako badala ya ile ya kisima, atakutajia ukoo wako mpaka babu. Watu walimsema sana kisogoni, lakini hata hao waliomsema walikunywa maji yake.

Mwaka ule mvua zilizidi. Maji yakawa na rangi ya chai, watoto kadhaa wakaharisha, na nesi wa zahanati akaagiza kila nyumba ichemshe. Kuchemsha ni rahisi mdomoni. Kuni zilikuwa zimelowa chapachapa, na Rebeka, binti yake Dina aliyekuwa akiishi naye, alipuliza moto mpaka macho yakamwiva. Hakuacha. Mwanawe Faith alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na alikuwa hajaonja tone la maji mabichi.

Ndipo ikaja habari kwamba mpimaji wa maji, kijana aitwaye Ezekieli, anakuja na kipimo kipya. Zamani maji yalipelekwa mbali, na majibu yalirudi watu wakiwa wameshasahau swali. Hiki kinajibu siku hiyo hiyo, palepale kisimani. Maji yanatiwa kwenye kichupa chenye dawa na kuwekwa kwenye joto. Yakigeuka njano, yana vijidudu vya kinyesi. Yasipogeuka, ni salama.

Dina alifurahi kuliko wote, na hapo ndipo alipokosea, Mungu amsamehe, maana alikosea kwa adabu. Kwao mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu. Unafagia, unatoa kikombe cha kabatini. Basi Dina akafagia njia ya kisimani, akasugua sakafu, kisha akachukua klorini aliyokabidhiwa na kamati, dawa ya kuua vijidudu vya maji, akaimimina kisimani. Aliiwahisha jioni ya kuamkia siku ya kipimo, ili mgeni asije akakuta harufu. Moyoni hakuwa anamdanganya mtu. Aliona ni sawa na kumtandikia kitanda.

Ezekieli alifika, akaamkia wazee, akachota, akasubiri. Jua lilipopinda, kichupa kilikuwa vilevile.

"Hongera, mama," akasema. "Kisima chako ni safi. Kunyweni tu."

Wanawake walipiga vigelegele. Dina alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi, na kesho yake Rebeka akaacha kuchemsha.

Lakini klorini ikishatiwa kisimani haidumu. Mvua zilirudi, zikashusha uchafu wa mazizi yaliyo mlimani, na dawa ilikuwa imeshakwisha nguvu. Faith akaanza kuharisha na kutapika. Walimkimbiza hospitali ya Kiomboi kwa bodaboda, mama yake amembeba mgongoni, na Rebeka hakujua kwamba mtoto amekwisha kufa mpaka walipofika, akafungua kitenge.

Baada ya mazishi Ezekieli alirudi kupima upya. Safari hii kichupa kiligeuka njano mapema mno. Alikibeba mpaka uani kwa Dina, akakaa chini.

"Mama, nisameheni," akasema. "Kipimo changu ndicho kilichodanganya. Nitaandika hivyo ofisini."

Rebeka, khanga ya msiba kichwani, akamjibu, "Si kosa lako, kaka. Mungu ndiye aliyetoa, na ndiye aliyetwaa."

Dina angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona jioni ile. Lakini mtoto wa watu alikuwa anaubeba mzigo usio wake, na binti yake alikuwa anamfariji kwa jambo asilolifanya.

"Kipimo hakikudanganya," akasema. "Nilitia dawa kisimani ulipokuwa unakuja. Nilikusafishia, mwanangu. Ulikuwa mgeni."

Ezekieli aliinamisha kichwa. Rebeka hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hiyo dawa iliisha yote?"

"Ilibaki."

"Iko wapi?"

Dina akaonyesha ndani kwa kidevu. Kopo lilikuwa kwenye kibao cha ukutani, juu ya kitanda alichougulia Faith. Maji yakishapimwa na kuonekana safi, nani tena angeyatia dawa?

Rebeka akaingia, akatoka nalo. Akamwuliza Ezekieli ndoo moja hutiwa kiasi gani. Akaelezwa. Akapima, akatia kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pale uani, akakoroga polepole, akafunika ndoo kwa sahani. Kisha akaketi kando yake kungoja maji yawe tayari, na ndani hakukuwa na mtoto wa kuyanywa.