Matawi Niliyokata Juu ya Kiota cha Shorobo

Jamani, nimechoka kubeba hili jambo. Kosa ni langu, hakuna aliyenituma, na naandika bila jina kwa sababu huku kwetu Kirua Vunjo kila mtu ni shemeji wa mtu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaopiga picha za ndege msituni, juu ya migomba na kahawa zetu. Mama yangu anakaa kihamba cha mwisho kabisa, shamba letu la ukoo lililo pembeni ya msitu. Macho yake yameharibika, anaona vivuli tu. Tangu baba afariki, wenzake wa asubuhi walikuwa shorobo, wale ndege wa kijani ambao wakiruka unaona mabawa mekundu. Walijenga kiota kwenye mringaringa, nyuma ya banda la mbuzi. Mama akiwasikia wakipayuka kwa sauti yao ile mbaya, anacheka peke yake.

"Wenzangu wameamka," anasema.

Basi nikapata mgeni aliyemtaka shorobo tu. Tulipanda msituni, ukungu. Tukarudi tena, ukungu! Ndege tuliwasikia vizuri, lakini kamera haipigi picha sauti. Mgeni akanuna. Mimi nikaogopa kuonekana sijui kazi, nikamwambia, "Twende kwa mama."

Mama alikuwa kanisani. Kiota kilikuwa kimefunikwa na majani, huoni kitu. Nikachukua panga, nikapanda, nikakata matawi mpaka makinda wakaonekana wazi. Mgeni akapiga picha zake, akanikumbatia kwa furaha. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikaona majani yasiharibike bure, nikawatupia mbuzi.

Kesho yake mwewe akashuka. Hakuhangaika hata kidogo, nilikuwa nimeshamfungulia mlango. Makinda wakaisha, na wale wakubwa wakahama.

Asubuhi iliyofuata mama akakaa mlangoni na kikombe chake, akisubiri. Uji ukapoa mkononi.

"Wenzangu wako wapi leo?"

Jamani, nikamdanganya! Mama yangu mzazi! "Ni kima, mama. Wamevunja kiota."

Akaweka kikombe chini. Akainuka, akaenda kwa mbuzi akipapasa ukuta kama kawaida yake. Akaokota tawi. Nikamwona akiligusa jani moja lililobaki, lile jani pana la mringaringa linalokwaruza, kisha akapitisha kidole gumba pale mwisho, palipokatwa.

"Mwanangu," akasema, "kima wameanza lini kushika panga?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akilipokea amekusamehe. Kulikataa ni vigumu. Nikalichuma, nikalifunga fundo, nikampigia magoti mimi na mvi zangu hizi. Mama akalipokea bila kusita. Halafu akanishika mkono.

"Mimi nimekusamehe, baba. Haya, na wale ndege utawapelekea wapi sale?"

Mpaka leo mama anaamka, anakaa mlangoni kidogo, anarudi ndani. Zamani nikishuka kutoka msituni alikuwa ananiuliza nimesikia ndege gani, nami namwigizia sauti zao, tunacheka. Siku hizi haulizi. Ananipa mtori, ananiambia nile kabla haujapoa, basi.

Mgeni alinitumia ile picha. Ni nzuri kweli, makinda wamefungua midomo wakidhani mama yao amefika. Naifungua, naifunga. Hata kuifuta nimeshindwa.

Ninyi mnaotembeza wageni, na ninyi wenye kamera, nawaomba sana: ndege akijificha, mwacheni ajifiche! Mgeni akinuna, anune, ana kwao. Wewe utabaki hapa unakunywa uji na mama yako asubuhi, mlango uko wazi, na juu ya mti hakuna anayeita.