Paneli ya Paulina na Kitambaa cha Mama Mkwe

Paulina wa Berega alikuwa amepania kinanda cha kwaya kilie Pasaka kwa umeme wa mkono wake mwenyewe. Alinunua kwa fundi wa Dumila vipande vya sola vilivyovunjika, akaviunga kwa risasi ya kuchomelea waya, akavipanga chini ya kioo cha dirisha kuukuu na kuziba kingo kwa gundi. Paneli akaiweka juu ya kichanja cha vyombo, waya ukaingia ndani kwenye betri.

Lakini kila jioni akitoka shamba alikuta betri haina kitu. Akafungua, akaunga upya, akamwomba Mungu uvumilivu.

"Mama Imani," mwalimu wa kwaya, Danieli, alimtania Paulina kwa jina la mwanawe, "hicho si kioo cha kujitazamia tu?"

"Jitazame basi, mwalimu. Pasaka utapiga."

Siku moja mpini wa jembe ulikatika, akarudi jua likiwa utosini. Akakuta paneli imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mama mkwe wake, Bibi Yunis, ameketi kando akifukuza kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitu cha thamani hakiachwi wazi kwa vumbi. Ukienda shamba nafunika, ukikaribia kurudi nakunja kitambaa changu."

Kumkemea mkwe hakuweza. Akakaa chini taratibu. "Mama, huyu chakula chake ni jua, nasi tunamfunika mdomo. Kitambaa kinaistahili betri, iko kule ndani."

Bibi Yunis akafikiri, akakitoa mwenyewe.

Pasaka kinanda kililia hadi baraka ya mwisho. Betri ilikaa pembeni ya kwaya, imevikwa kile kitambaa cheupe, na Bibi Yunis alikinyoosha kwanza ndipo akaketi.