Alama za Mkaa Uani

"Anapima vivuli vya watoto wetu," alisema fundi cherehani huku ameuma uzi. "Kutwa kajiinamia pale uani na lile kaburi lake. Mtoto akipita, yeye anachora. Haya, wewe na hicho kichanga, shauri yako, shoga."

Mama Kichanga alikuwa amekuja kufumuliwa gauni kifuani tu, maana tangu ajifungue lilikuwa halifungi. Alirudi chumbani kamkumbatia mwanawe kama kuna mtu anayetaka kumnyang'anya.

Aliyesemwa ni Mchongaji, mpangaji mwanamke wa chumba cha mwisho, karibu na bomba. Miaka kumi na moja alichonga majina ya marehemu kwenye mawe ya makaburi, hadi karakana iliponunua mashine, naye akaambiwa asante, kwaheri. Alitoka na patasi zake na vipande vya marumaru vilivyopasuka. Sasa anatengeneza saa za jua na kuzinadi mtandaoni, kila mteja na jina lake juu ya jiwe: bati la shaba limesimama katikati, kivuli chake kinazunguka na kuonyesha saa. Waliomcheka ni wengi kuliko waliouliza bei. "Mvua ikinyesha nimwambie nini bosi?" mmoja aliandika chini ya picha. Mwingine akamshauri arudi makaburini, huko hakuna anayeuliza saa ngapi.

Aliyeagiza ni mmoja tu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alitaka jiwe liwe uwanjani Jumamosi. "Likipishana na kengele yangu, rudi nalo kwako," alimwandikia, "na hapo ukurasani kwako nitawaambia watu wote."

Kwa hiyo Jumatano Mchongaji aliliweka jiwe uani, na kila saa ilipotimia aliweka alama ya mkaa pale kivuli kilipofika. Ndivyo alivyozoea tangu karakana: mkaa kwanza, patasi baadaye, kwa sababu jiwe likishachongwa, limechongwa.

Saa tisa Mama Kichanga alikatiza kwenda kuanua nepi, mtoto begani. Kivuli chao kikapita juu ya jiwe. Alipogeuka, akamwona Mchongaji ameinama, anachora. Alingoja mwenzake aingie ndani kupokea simu, akabeba beseni la maji ya sabuni, akalimwaga lote juu ya jiwe. Alama za kutwa nzima zikatiririka nyeusi hadi mtaroni.

Mchongaji alipotoka alitazama jiwe, akatazama povu.

"Nani?"

"Maji hayana mwenyewe!" fundi cherehani alipaza sauti kutoka barazani. "Hamia makaburini, ukapime vivuli vya huko!"

Waliokuwa bombani wakaangua kicheko.

"Huo ulimi ungekuwa sindano, ungekuwa umeshashona mji mzima," alijibu Mchongaji bila kugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mama Kichanga. Beseni bado lilikuwa linachuruzika.

"Mwanangu si wa kuchorwa, dada," Mama Kichanga alisema.

"Nimechora kivuli cha bati. Ulipokatiza nilingoja upite. Uliona au hukuona?"

Aliona. Sasa alikumbuka vizuri: ule mkaa ulivyosimama hewani, na Mchongaji alivyokunja uso kama mtu aliyezibiwa njia. Aliona, na bado akamwaga.

"Nisamehe, dada."

"Msamaha wako hauonyeshi saa. Kesho nina zamu ya kudeki ofisi za watu, nikikosa sina kazi. Ijumaa lazima nichonge. Siku ya alama iliyobaki ni kesho tu, na anayeshinda hapa uani ni wewe."

Akamshika mkono, akamtia kipande cha mkaa kiganjani.

"Sikupendi, na hao wenzako watakusema hadi uchoke. Lakini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja, kila saa ikitimia kwenye simu yako, niwekee alama."

Barazani cherehani ilinyamaza. Mwenyewe alikuwa ametega sikio.

"Na mtoto je?" Mama Kichanga aliuliza.

"Mbebe uje naye. Ila msisimame upande wa jua."