Tanuri la Tatu la Mama Munira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kando ya mto Mutambala nje kidogo ya mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, Zubeda Yasini anaweka kiganja juu ya tanuri la matofali kama mama anayepima homa ya mtoto. Anakitoa. Anakiweka upande wa pili. Kisha anaketi chini na kukunja mikono.

"Bado," anasema. "Iko na fukuto kidogo. Tumengojea siku kumi, saa moja haitatuua."

Leo ni siku ya kumi na moja tangu alipoziba milango ya moto kwa tope ili tanuri lipoe polepole. Wafyatuaji wenzake hufungua siku ya nane. Zubeda, ambaye hapa wanamwita Mama Munira, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ana sababu za kuzidisha, na hapa mtoni kila mtu anazijua.

Ndani ya tanuri kuna matofali elfu tano. Siku za kawaida huwafyatulia watu wengine, matofali mia mbili na hamsini kwa siku akiamka na nguvu, na malipo yake yanatosha unga wa muhogo, samaki wadogo wa ndagala na kodi ya chumba kimoja. Haya ya leo ni ya nyumba yake mwenyewe, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Mwenye chumba ameshamwambia ahame mwezi wa tisa, mvua zinapoanza. Matofali yakitoka mabovu, hana pa kuwalaza watoto.

Hili ni tanuri lake la tatu.

La kwanza, miaka miwili iliyopita, halikuona hata moto. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mto ukapanda, na matofali mabichi elfu tatu yakarudi kuwa tope.

"Ile haikuniumiza sana," anasema. "Mvua ni ya Mungu. Mi ningegombana na nani?"

La pili ndilo lililomvunja moyo.

Mumewe, Uledi, aliondoka miaka minne iliyopita kwenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu alipokumbuka. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, simu ikalia: anakuja kula sikukuu na familia.

Tanuri lilikuwa na siku nne tu tangu lizibwe. Zubeda alitaka mume akute kuta zimeanza kuinuka, ajue mkewe hakukaa bure. Akabomoa tope. Hewa baridi ya asubuhi ikaingia kwenye joto lililokuwa bado kali, na matofali yakaanza kupasuka mbele ya macho yake, tak, tak, tak, moja baada ya jingine. Yeye ndiye huwafundisha wanaoanza kazi wasifanye kosa hilo.

"Haikukuwa ujinga," anasema, akitazama mikono yake. "Ilikuwa haraka ya muume. Idi ikafika, nikapika pilau, nikatandika mukeka. Hakukuja."

Wala hakupiga simu. Watu walicheka mpaka wakachoka wenyewe, lakini kicheko hakikumtesa Zubeda kama kimya cha Mungu.

"Miezi mitatu niliswali sala zote, sikuruka hata moja. Ila nikimaliza, siombi kitu. Nakunja mukeka, najiendea. Nilikuwa nimekasirikia Mungu, na niliogopa kumuambia."

Aliyemtoa huko ni Ketsia, mlokole anayefyatua matofali jirani naye. Hakumhubiria. Alikuja na jembe lake, akaingia kwenye shimo la udongo bila kuitwa.

"Mama Munira," alimwambia, "kama umekasirikia Mungu, umuambie. Iko na masikio. Lakini udongo tukande."

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, Zubeda alibaki kwenye mkeka. "Nilimuambia yote. Nililia mpaka makamasi. Nikaona sijakufa," anasema, na hapo anacheka. "Zamani nilikuwa namupangia Mungu tarehe. Sasa namupa shida yangu, tarehe namuachia."

Saa moja na nusu Ketsia anafika na sururu. Anafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti kubwa, kwa jina la Yesu. Zubeda, aliyengoja siku kumi na moja, hawezi kungoja Ketsia afike kwenye amina. Anasema Bismillahi na kupiga tope.

Wote wawili wanatega sikio. Hakuna kinachopasuka.

Anatoa tofali la kwanza, jekundu, lenye uvuguvugu. Anatoa la pili. Anayagonganisha, nayo yanalia kama chuma. Ketsia anapiga vigelegele. Zubeda anakaa palepale juu ya majivu na kulia bila kujificha, na kusema kweli, ni vigumu kumtazama bila kulia naye.

Kufikia alasiri, majirani wakipokezana kwa mstari, wamepanga matofali mazima elfu nne na mia mbili. Ya pembeni hayakuiva. Alikusudia vyumba vitatu, sasa vitakuwa viwili. Msingi wa mawe unaanza Jumatatu, na fundi amekubali Zubeda amlipe kwa kumfyatulia matofali yake.

Na Uledi je?

Zubeda anafuta mikono kwenye kitenge.

"Niliomba Mungu vitu viwili, nyumba na muume. Nyumba imeonekana. Ya muume, naendelea kuomba." Anaokota kipande cha tofali na kuchora mstari chini. "Chumba hiki cha batoto. Hiki changu. Nikipata mbao, nitaagiza kitanda cha batu babili."