Aliyewaweka Nyati Mkiani

Delbert Vranicek alikuwa mtu wa kusema "sisi". Nyati, timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani, wakishinda, tumeshinda. Wakifungwa, tumefungwa, na usimsemeshe mpaka Jumatatu. Ujana wake aliuchezea hapahapa kwenye chuo cha Platte Bend, katika ule ukuta wa watu watano wakubwa wanaosimama mbele ya mrusha mpira ili wapinzani wasimfikie. Ni kazi isiyo na makofi. Ukuta ukisimama, anasifiwa mrushaji. Ukibomoka, kila mtu analijua jina lako. Goti la kushoto lilimharibikia palepale uwanjani, na tangu hapo akawa fundi wa mitambo ya kumwagilia mahindi. Hakuna mkulima wilayani kwetu ambaye Delbert hajamtengenezea mtambo huku akimweleza habari za Nyati.

Alioa hapa, na hapahapa akamzika mkewe, Jolene. Binti yao wa pekee, Renata, alikulia kwenye mabenchi ya uwanja huo, amefunikwa blanketi, akimuuliza baba yake kwa nini yule ameanguka na kwa nini yule hakumshika. Alipokua akawa mwandishi wa habari za michezo katika gazeti la Lincoln, mji mkuu wa jimbo letu. Delbert alikata kila alichoandika akakihifadhi. Yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha mashabiki kwa miaka mingi, cheo ambacho mshahara wake ni lawama.

Mwaka ninaousimulia, Nyati walikuwa "wanajenga upya" kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kocha alikuwa mgeni, na wachezaji wazuri walikuwa wamehamia vyuo vyenye fedha. Kila Agosti, kabla mpira haujarushwa hata mara moja, waandishi wa michezo hupiga kura kuzipanga timu za ligi yetu, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Jumamosi inayofuata sisi hukutana mgahawani kwa Ardith, tukanywa kahawa, tukala kolache zake, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye plamu katikati, na kuwatukana waandishi.

Siku hiyo aliyeleta matokeo ni Dwayne Kessel, muuza matairi, mtu ambaye sauti yake hufika kabla yake.

"Wa kumi!" alipiga kelele tangu mlangoni. "Wa kumi kati ya kumi! Tunaburuza mkia na msimu haujaanza!"

"Ulitaka watuweke wapi, mbinguni?" alisema Gaylen Ostrander bila kuinua kichwa. Gaylen ni mkulima wa mahindi, na hajawahi kumsifia mtu wala mvua.

"Hata wa saba!"

"Wa saba kwa lipi? Mwaka jana tumeshinda mechi moja, na siku hiyo wenzetu basi zima walikuwa wanaharisha."

"Kushinda ni kushinda, bwana. Mgonjwa naye anahesabika."

"Kocha mpya mmemwona lakini?" aliuliza mtu wa meza ya nyuma. "Yule halali. Taa ya ofisi yake inawaka mpaka asubuhi."

"Bundi naye halali," Gaylen akajibu, "na sijamsikia amechukua kombe."

Tulicheka. Kessel hakucheka. "Gaylen, hebu sema kweli, wewe ni shabiki wetu au umetumwa?"

"Mimi ni mkulima. Shamba likiwa kavu sisemi mahindi yanacheka. Mwaka wa tatu huu mnajenga! Kanisa la Mtakatifu Wenceslaus lilijengwa kwa miwili, tena lina mnara."

Ndipo Delbert akaingilia kati. Alisema sisi ni wa sita, na akataka kuonyesha kwa nini. Alipanga kolache tano mezani kama ukuta, nyuma yake akaweka kikombe, akisema huyo ni Tavian, mrusha mpira wetu mpya. Alieleza jinsi ukuta utakavyosogea kulia na wapinzani watakavyopotea. Kabla hajamaliza, Kessel akachukua kolache ya pembeni akaila.

"Huyo ameshaumia," alisema, na mgahawa mzima ukaangua kicheko. Delbert naye alicheka, lakini mimi niliyekaa karibu naye niliona macho yake hayako kwenye kicheko. Alizitazama zile nne zilizobaki kwa muda mrefu.

Kessel alikuwa ameshatoa simu. "Mwaka huu wametangaza na majina. Kila mwandishi na kura yake. Ngoja tuwajue maadui zetu." Akaanza kusoma. "Huyu wa Kearney, wa tisa. Huyu naye wa tisa. Huyu wa nane, Mungu amzidishie. Huyu wa kumi, mbwa. Tumepitwa kwa pointi moja tu, jamani, pointi moja! Mmoja wao angetuweka wa tisa tusingekuwa mkiani. Na huyu..."

Akanyamaza. Kessel kunyamaza ni jambo la kushtua.

"Soma," alisema Delbert.

"Achana nayo."

Gaylen alimnyang'anya simu, akatazama, kisha akailaza kifudifudi mezani. "Ni Renata, Delbert," alisema taratibu. "Katuandika wa kumi."

Ardith alisimama na birika mkononi. Hakuna aliyemtazama Delbert usoni, na kila mmoja alikuwa anamtazama. Kilichozidisha uzito ni kwamba Alhamisi ilikuwa karamu yetu ya kufungua msimu, na mgeni rasmi alikuwa Renata mwenyewe. Picha yake ilikuwa imebandikwa mlangoni pa mgahawa.

"Atakuja kutuhutubia nini?" Sauti ilimrudia Kessel. "Taratibu za mazishi? Natoa hoja aondolewe. Wanaokubali, mikono juu!"

Mikono ikaanza kupanda. Wengine waliinua nusu, kama mtu anayejikuna sikio. Wa kwangu, Mungu anisamehe, ulikuwa njiani. Mlango ukafunguliwa, Renata akaingia.

Kila Jumamosi hupitia kumchukua baba yake wakale chakula cha mchana. Aliona mikono, akaiona simu mezani, akaelewa. Hakurudi nyuma.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Wa kumi, Renata?" Kessel akamsogelea. "Wewe uliyekula humu tangu hujaota meno? Ardith hapo amekufunga kamba za viatu!"

"Ndiyo, wa kumi. Nimekaa kwenye mazoezi yao wiki nzima, Dwayne. Ukuta hamna. Watano wote wameondoka, na hawa waliopo wengi ni wa mwaka wa kwanza. Yule Tavian ataumizwa."

"Kwa hiyo unatuandika mkiani ili dunia nzima ituone!"

"Nimeandika nilichokiona."

"Umeandika kuwafurahisha wakubwa zako wa Lincoln! Mama yako angekuwa hai angejificha kwa aibu!"

Neno hilo lilitua vibaya. Hata waliokuwa upande wa Kessel walishusha mikono. Renata alibadilika rangi. 

Delbert akainuka. Mzee yule ni pande la mtu hata leo, na Kessel alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Gaylen alisogeza kiti chake ili apate kuwaingilia. Niliona mkono wa Delbert ukijikunja ngumi juu ya meza, ukakunjuka, ukajikunja tena.

"Jolene mwache alale," alisema. Sauti ilikuwa ya chini mno. "Mnayemtaka ni mimi. Mimi pia naenda mazoezini. Kila jioni nimesimama pale kwenye uzio. Wale vijana wanasukumwa kama milango iliyo wazi." Akamgeukia Kessel. "Ningekuwa na kura, ningeandika kumi."

"Sasa hivi umetuambia sita!" mtu akapiga kelele.

"Nilisema nilichotaka kiwe."

"Unasema hivyo kumkinga mwanao," alisema Kessel.

"Namkinga, ndiyo. Na bado ni kumi."

Nilimfahamu Delbert kwa zaidi ya nusu ya umri wangu na sikuwahi kumsikia akiitabiria timu ile chini ya nafasi ya tano, hata mwaka ambao tulifungwa mechi zote. Ilikuwa kama kumsikia padri akisema hana hakika.

"Mwenyekiti gani huyu?" Kessel aligeuka kuwatazama wengine, na safari hii nadhani alitaka mtu amwokoe. "Mwenyekiti anatuweka mkiani?"

"Basi tafuteni mwingine," alisema Delbert. Akachomoa ufunguo wa ukumbi wa chama kwenye kishada chake cha funguo, akauweka kando ya zile kolache, akachukua kofia, akatoka. Renata akamfuata.

Kupitia dirishani tuliwaona wamesimama kando ya gari lake la kazi. Tulidhani wanakumbatiana. Haikuwa hivyo. Renata mwenyewe alinisimulia baadaye.

"Ahsante, Baba," alimwambia.

"Usinishukuru. Jambo la mwanangu nimelisikia mgahawani, mbele ya watu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniomba nibadilishe."

Delbert alitaka kukana. Akafikiri. "Ningekuomba," alisema.

"Na mimi ningebadilisha. Ndiyo maana."

Delbert alimtazama kama mtu aliyepigwa pahali asipopategemea. Kisha akapanda gari lake akaondoka, na siku hiyo hawakula pamoja.

Karamu ya Alhamisi ilifanyika bila baba na bila binti. Kessel, mwenyekiti mpya, alitoa hotuba, tukapiga makofi, na nyama ilikuwa ngumu.

Mechi ya kwanza tulichezea nyumbani. Delbert alikuja na kofia yake ya Nyati, lakini hakuketi nasi. Alipanda juu kabisa, kwenye benchi ambalo hakuna mtu anayelichagua kwa sababu ya upepo. Ukuta ulibomoka kuanzia dakika za mwanzo. Tavian aliangushwa, akainuka, akaangushwa tena, na kabla ya mapumziko akabaki chini ameshika bega. Uwanja ulikuwa kimya hata ukasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.

Kessel aligeuka akatazama juu. "Umefurahi sasa, Delbert?" alipiga kelele, na watu wote wakasikia.

Delbert alikuwa amesimama, kofia kifuani. Aliendelea kumtazama kijana pale kwenye nyasi mpaka walipomtoa, na nilipomwona akikaa, nilijua hakuna mtu uwanjani aliyetamani kukosea kama alivyotamani yeye.

Tulifungwa hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Mgahawani watu walianza kusema polepole kwamba huenda Renata alituonea huruma kwa kutuweka wa kumi, kwa kuwa wa kumi na moja hayupo. Kessel hakuchekea hilo pia. Aliyevunja ukimya uliokuwa kati yetu na Delbert alikuwa Gaylen. Mechi ya nne, alibeba kahawa yake akapanda ngazi zote hadi kwenye upepo, akakaa kando ya Delbert.

"Kuna nini huku?" aliuliza.

"Baridi."

"Afadhali. Kule chini kuna Kessel."

Oktoba walikuja wale waliotabiriwa wa pili, wakubwa kama maghala. Tavian alikuwa amepona. Sijui kocha aliwafanya nini wale vijana wa ukuta, lakini walikuwa wamekwisha kufahamiana. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, zimebaki sekunde chache, na mpira ni wetu. Kila mtu alimtazama Tavian. Mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa nimepanda huko juu pia, nilimtazama Delbert. Hakumtazama mrushaji hata kidogo. Aliwatazama wale watano.

"Shikeni," alikuwa anasema, meno yameumana. "Shikeni, shikeni, shikeni wanangu..."

Wakashika. Mpira ulikwenda mbali na kumkuta mtu wetu peke yake kwenye kona ya mwisho wa uwanja: pointi sita, tumeshinda. Gaylen Ostrander, ambaye hajawahi kuisifia mvua, alimkumbatia Delbert na kumwaga kahawa yote juu ya koti lake.

Baada ya mechi Delbert alimsubiri Renata langoni, chini ya chumba cha waandishi. Mimi nilikuwa naye. Alisubiri mpaka watu wakaisha, kwa kuwa binti alikuwa na habari ya kutuma. Aliposhuka na kumwona, alipunguza mwendo.

"Ulishangilia?" Delbert alimuuliza.

"Waandishi haturuhusiwi, Baba. Unajua."

"Najua. Nimekuuliza kama ulishangilia."

Renata alitazama chini, akacheka. "Niliruka nikamkanyaga mwenzangu mguu. Sidhani kama atanisamehe."

"Twende tukale," alisema Delbert.

Msimu ulipokwisha Nyati walikuwa wa tisa. Kessel alilitangaza hilo mgahawani kama ushindi dhidi ya waandishi wote wa ligi, na hakuna aliyejisumbua kumpinga. Ufunguo wa ukumbi umebaki kwake. Delbert hakuuomba, na wao wawili husalimiana kwa kichwa tu, kila mmoja na meza yake. Ila Gaylen amehama meza, nami nimehama naye.